Ile karatasi yako ya mkojo, umeangalia mstari wa protini?

Nikimuuliza mgonjwa umeshawahi kupima mkojo, karibu wote wananijibu ndio dokta mara nyingi tu, nilikua na UTI. Na kweli majibu wanayo, wameyakunja kwenye daftari la kliniki. Kuna baba mmoja mwenye presha alinijia miguu imevimba, nikafungua daftari lake nikakuta karatasi ya miaka miwili nyuma, UTI hakuna, ila chini yake pameandikwa protini ++. Hata hivyo akapewa antibayotiki akarudi nyumbani, ule mstari hakuna aliyeusoma. Mpaka leo unaniuma.

Iko hivi. Kila figo ina vichujio kama milioni moja, vidogo sana, na kazi yake mojawapo ni kuzuia protini ya damu inayoitwa albumini isitoke. Sukari au presha ikivichosha, albumini inaanza kupenya, na hapo mtu hasikii chochote, hakuna maumivu, anakojoa kawaida kabisa. Wengi wanakimbilia kupima kreatinini kwenye damu, yaani taka ambayo figo huitoa, ni kipimo kizuri na lazima upime, ila peke yake kinaweza kuchelewa, figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake na namba bado ikasoma kawaida. Mkojo mara nyingi unawahi kusema.

Stiki ya kupimia mkojo yenyewe ni kitu kidogo tu, ina vijiboksi vya rangi, unaichovya kwenye mkojo, unasubiri kama dakika moja halafu unalinganisha na rangi zilizoko kwenye kopo lake. Cha protini kinatoka njano kwenda kijani. Alama moja ya jumlisha ni kama miligramu 30 kwa desilita. Ndo ile ile mama mjamzito anapimwa kliniki kuangalia dalili za kifafa cha mimba, kwa hiyo hata zahanati nyingi wanaijua.

Sasa usione + moja ukaanza kulia. Homa, mazoezi mazito, UTI yenyewe, damu ya hedhi, hata kutokunywa maji mkojo ukawa mzito, vyote vinaweza kuleta protini ya muda. Ndo maana nasema leta mkojo wa asubuhi, ule wa kwanza ukiamka, na tunarudia, ikiendelea kuonekana kwa miezi 3 hapo tunaongea habari ya ugonjwa sugu wa figo. Na damu kwenye mkojo, kama umekulia kanda ya ziwa au Pemba, nitakupima kichocho kwanza.

Stiki ina udhaifu wake, albumini ikiwa kidogo sana haiioni. Kwa hiyo mwenye kisukari namwandikia kipimo cha maabara kinacholinganisha albumini na kreatinini kwenye mkojo huo huo, chini ya 30 (miligramu kwa gramu) ni salama, 30 mpaka 300 figo zimeanza kuvuja, na hapo ndo dawa za presha kama losartan au enalapril zinasaidia sana, pamoja na kushusha presha na sukari na kuacha kumeza diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kila mgongo ukiuma. Kisukari aina ya 2 tunapima siku ile ile unayogundulika, halafu kila mwaka.

Ukienda kliniki ya sukari au presha mwezi huu beba kikopo, mwambie nesi naomba mniangalizie na protini. Na zile karatasi za zamani usitupe, njoo nazo zote tuzisome.