Mega za usiku huenda wapi?
Goma, mtu akiamka na kukuta mega (MB za intaneti) zimeisha, husema kampuni imemwibia: simu ililala, haikuguswa. Lakini kioo kuzimika si intaneti kukatika. Data ikiachwa wazi, WhatsApp huweza kupakua picha za vikundi, programu zikajisasisha, na picha zako zikapandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, ikiwa mipangilio inaruhusu. Kinachotoka huhesabiwa sawa na kinachoingia (wengi husahau hili). Kwenye mipangilio ya Android utaona kila programu imekula kiasi gani, hata iliyofanya kazi kichinichini. Angalia hapo kabla ya kwenda kugombana dukani. Balaa zaidi ni kompyuta iliyounganishwa kwa simu: Windows huweza kuiona kama Wi-Fi ya kawaida, ikapakua masasisho mazito, usipoiambia kwenye mipangilio yake kwamba data hiyo ni ya kupimwa (“metered”).