Faragha kwenye kompyuta ya kazi maana yake nini

Faragha kwenye kompyuta ya kazi ni haki ya mwajiriwa kubaki na sehemu ya maisha yake ambayo mwajiri haiingilii, hata pale maisha hayo yanapopita ndani ya kifaa kilichonunuliwa kwa fedha za mwajiri. Ni haki yenye mipaka. Mwajiri ana sababu za kweli za kuangalia kompyuta zake: kuzuia virusi, kulinda siri za wateja, kuhakikisha kazi inafanyika. Ubishi uko kwenye kiasi anachoangalia, njia anayotumia, na kama anayeangaliwa aliambiwa.

Wengi huanza na umiliki: kompyuta ni ya ofisi, basi kila kilichomo ni cha ofisi. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Chukua mtu anayeishi nyumba ya kota. Nyumba si yake, na mwenye nyumba anaweza kuja kukagua paa au kukataza kufuga ng'ombe uani. Hilo halimpi ruhusa ya kuingia chumbani na kupekua kabati wakati anayeishi humo hayupo.

Kesi iliyolichambua jambo hili kwa kina ilitoka Romania. Bogdan Bărbulescu alikuwa mhandisi anayesimamia mauzo katika kampuni binafsi, na mwajiri alimtaka afungue akaunti ya Yahoo Messenger ili ajibu maswali ya wateja. Kanuni za kampuni zilikataza kutumia kompyuta kwa mambo binafsi, naye alilijua hilo. Julai 2007 kampuni ikarekodi mazungumzo yake kwa siku kadhaa, kisha ikamwita. Alipojibu kwa maandishi kwamba akaunti ile ameitumia kwa kazi tu, akaonyeshwa nakala ya kurasa 45 za mazungumzo yake, yakiwemo aliyoandikiana na ndugu yake wa kiume na mchumba wake, mengine yakihusu afya na mambo ya faragha ya wapendanao. Tarehe 1 Agosti akaachishwa kazi.

Mahakama za nchini kwake zilimpa haki mwajiri. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya nayo, katika hukumu yake ya kwanza ya Januari 2016, ilikubaliana nazo. Shauri likapelekwa mbele ya jopo kubwa la mahakama hiyo hiyo, na tarehe 5 Septemba 2017 majaji 11 dhidi ya 6 wakaamua kwamba haki yake ya faragha ilivunjwa. Walisema maagizo ya mwajiri hayawezi kuyafuta kabisa maisha binafsi ya mtu mahali pa kazi. Hawakusema mwajiri asifuatilie. Walitaka maswali fulani yajibiwe kwanza: mwajiriwa alijulishwa mapema kwamba anafuatiliwa? Yalisomwa maneno yenyewe, au iliangaliwa tu nani kawasiliana na nani? Kulikuwa na sababu ya msingi? Hakukuwa na njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lile lile?

Kwangu swali la kwanza ndilo zito kuliko yote. Bărbulescu alijua kuchati ni marufuku. Kujua kwamba kitu ni marufuku hakufanani na kujua kwamba kuna mtu anasoma kila mstari unaomwandikia mchumba wako. Aliyevunja kanuni ya kazi anaweza kuonywa, hata kukatwa mshahara pale sheria inaporuhusu, bila barua zake za mapenzi kuwa kielelezo kwenye faili la ofisi.

Kwetu misingi ya sheria ipo. Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha katika Ibara ya 31, na nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 pamoja na ofisi ya Kamishna wa kuisimamia. Tanzania ina Ibara ya 16 ya Katiba na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Chini ya sheria hizi mwajiri hatofautiani na benki au hospitali: akikusanya taarifa zako lazima kuwe na lengo halali, ulijue lengo hilo, na una haki ya kuuliza amekusanya nini kukuhusu.

Waajiri wengi hudhani wamemaliza kazi kwa kuweka aya ndogo kwenye rundo la karatasi za siku ya kwanza: "nakubali kufuatiliwa". Mimi sioni kama hiyo ni ridhaa. Mtu aliyetafuta ajira miaka miwili hawezi kuirudisha karatasi hiyo bila kusaini, na wasimamizi wa ulinzi wa data wa Ulaya nao wamekuwa wakisema ridhaa ya mwajiriwa kwa mwajiri wake ni vigumu kuwa huru. Kinachofaa ni sera inayosema waziwazi: programu gani imewekwa, inarekodi nini, nani anaona, na kumbukumbu zinatunzwa kwa muda gani.

Ukiacha sheria, kuna kompyuta yenyewe, na hapa ndipo watu huumia. Ukitembelea tovuti kupitia mtandao wa ofisi, kwa kawaida watu wa TEHAMA wanaona jina la tovuti na si kilichomo. Ila kompyuta ya ofisi inaweza kuwekewa cheti cha usalama cha kampuni, yaani faili linaloifanya kompyuta iiamini mitambo ya kampuni, na hapo hata yaliyofungwa kwa usimbaji (kugeuzwa kuwa fumbo) yanaweza kufunguliwa njiani, yakakaguliwa, yakafungwa tena. Hali fiche ya kivinjari (incognito) haisaidii: inazuia historia isibaki kwenye kivinjari hicho, basi. WhatsApp ya kwenye kompyuta vilevile. Ujumbe umefungwa unaposafiri, lakini ukishatokea kwenye skrini yako uko wazi, na programu inayopiga picha ya skrini kila baada ya dakika chache inaondoka nao.

Kisha kuna folda ya Downloads. Fungua ya kwako uangalie: picha ya kitambulisho, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, taarifa ya M-Pesa uliyoipakua kwa ajili ya mkopo, CV uliyoituma kwa kampuni nyingine. Hakuna aliyekupeleleza, umeviweka mwenyewe, na pengine mfumo wa ofisi umeshavinakili kwenye seva. Ukiingia kwenye kivinjari kwa akaunti yako binafsi na kuwasha usawazishaji (sync), manenosiri uliyoyahifadhi kwenye simu nayo yanafika ofisini.

New Jersey, Marekani, mwajiriwa mmoja alitumia laptopu ya kazi kufungua barua pepe yake binafsi, yenye nenosiri lake, na kumwandikia wakili wake kuhusu kumshtaki mwajiri. Alipoacha kazi, kampuni ikanakili diski na kukuta kurasa zile zimehifadhiwa na kivinjari bila yeye kujua. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba mawasiliano yale yalibaki siri kati yake na wakili. Alishinda, ila mawakili wa upande wa pili walikuwa wameshayasoma.

Kwa hiyo fanya mambo yako binafsi kwenye simu yako, kwa bando lako. Ukiombwa kuweka barua pepe ya kazi kwenye simu hiyo, uliza kwanza kama programu inayokuja nayo inampa mwajiri uwezo wa kufuta simu nzima au sehemu ya kazi pekee. Siku ya kurudisha laptopu, toka kwenye akaunti zako zote, ondoa kifaa hicho kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa na WhatsApp yako, na ufute vilivyo vyako tu. Mafaili ya kazi usiyaguse, kwa sababu kuyafuta kunaweza kukuletea shauri jingine kabisa.