Prosesa mpya, mazabodi ya zamani: yanayosemwa Mombasa na ukweli wake

Tangu Windows 10 ifikie ukomo wake wa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, wenye saiba wa Majengo, Kisauni na Likoni wanatafuta namna ya kuziokoa zile kompyuta za ex-UK zenye i5 ya kizazi cha sita, prosesa (chipu inayoendesha kazi za kompyuta) ya Intel. Kwa upande wa Intel, Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa prosesa chache mno za kizazi cha saba. Hapo ndipo mtu anaposhauriwa anunue prosesa ya kizazi cha nane, aing'oe ya zamani, apachike mpya. Ushauri huo unawala watu pesa zao.

"Soketi ni moja, itakubali." Hii ndiyo dhana inayoumiza zaidi, kwa sababu nusu yake ni kweli. i5-6500 na i5-8400 zote ni za soketi LGA 1151 (soketi ni nafasi ya kupachikia prosesa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta), na ukiipachika hiyo mpya itakaa sawasawa. Lakini Intel ilipotoa kizazi cha nane cha kompyuta za mezani, Oktoba 2017, ilipanga upya kazi za pini. Zile za kuingizia umeme ziliongezeka kutoka 128 hadi 146, na pini kadhaa zilizokuwa hazina kazi zikapewa kazi. Mazabodi za chipseti (chipu inayosimamia mawasiliano ya bodi) za mfululizo wa 100 na 200 hazikuundwa kwa mpangilio huo, na BIOS zake, ile programu ya kuiwasha kompyuta, haziitambui prosesa hiyo. Feni itazunguka, skrini itabaki nyeusi.

Tazama mashine zilizojaa madukani mwetu. HP EliteDesk 800 G3 na Dell OptiPlex 7050 zina chipseti Q270, na mwisho wake ni kizazi cha saba. Kizazi cha nane kinaanzia EliteDesk 800 G4 na OptiPlex 7060, zenye Q370. Ukiipa G3 yako i7-7700 utapata kasi zaidi, ila prosesa hiyo nayo haimo kwenye orodha ya Windows 11. Wapo mafundi duniani wanaoziba baadhi ya pini na kuandika BIOS upya ili kuilazimisha mazabodi ya zamani. Kwa mashine inayomlisha mtu, siungi mkono kabisa. Heri uuze G3 nzima, uongezee, ununue G4.

"Sasisha BIOS tu, mambo yatakaa sawa." Dhana hii ilitiwa nguvu na AMD, mshindani wa Intel. Mazabodi zake za soketi AM4 zilizouzwa mwaka 2017, za chipseti B350 na X370, zilipata BIOS mwaka 2022 zikaweza kupokea prosesa za Ryzen 5000. Ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, nyingi kati yake zilikuwa na chipu ya BIOS ya MB 16 tu, hivyo baadhi ya matoleo mapya yaliondoa prosesa za zamani ili kupata nafasi. Soma maelezo ya toleo kabla ya kulipakia, usije ukaifungia nje prosesa unayoitegemea leo. Kwa Intel, chipseti za H410 na B460 zina soketi LGA 1200 na hupokea kizazi cha kumi, lakini Intel haikuziruhusu kupokea cha kumi na moja, BIOS mpya au la. Na kwa jinsi stima inavyokatika huku kwetu, usisasishe BIOS bila UPS, ile betri ya akiba: umeme ukipotea katikati, mazabodi inaweza kufa.

"Intel hubadilisha soketi kila mwaka." Si kweli. LGA 1700 ilibeba kizazi cha 12, 13 na 14, kuanzia 2021.

"RAM ni ile ile." Mazabodi za LGA 1700 ziko za RAM ya DDR4 na ziko za DDR5, na RAM ya aina moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine kwa sababu pengo lake liko mahali tofauti. AM5, soketi ya AMD iliyofuata AM4, ni DDR5 pekee.

"Ikiwa kwenye orodha, inatosha." Orodha ya prosesa ambazo mtengenezaji wa mazabodi anasema inazikubali inasema itawaka tu. Mazabodi nyingi za bei nafuu za chipseti H610 zimeorodhesha hata i9-14900K, prosesa inayoweza kuvuta wati 253. Weka hiyo kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, joto la Februari la Mombasa, na sehemu za umeme za mazabodi hiyo zitaelemewa, kasi ishuke.

"Laptopu nayo hubadilishwa prosesa." Za kisasa karibu zote zimechomelewa.

"Mwambie muuzaji ni HP, atajua." Hatajua. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome jina la modeli na toleo la BIOS. Kisha tazama na umbo la kasha: EliteDesk 800 G4 ile ndogo ya Mini imetoka katika viwango tofauti vya wati, na ya wati 35 imepewa feni na adapta za prosesa zenye herufi T, kama i5-8500T. Majibu hayo yawe mkononi kabla hujatuma M-Pesa.