Bunduki ya Babu ya Mitutu Miwili: Jina Liko Juu, Ukweli Uko Chini

Bunduki za aina hii hufika mezani kwetu zikiwa zimeviringishwa blanketi, na kabla blanketi halijafunuliwa mwenyewe huwa ameshanipa maelezo yote: ni ya babu, ni ya Kiingereza, ina zaidi ya miaka mia. Kuhusu umri mara nyingi huwa amepatia. Hiyo ya Uingereza ndiyo hunitia shaka.

Nasimamia mkusanyiko wa silaha za kihistoria katika makumbusho, na maswali tunayoulizwa kuhusu shotigani za zamani ni yale yale mawili: hii ni nini, na inauzwa kiasi gani? Jibu la swali la kwanza huwa limeandikwa kwenye bunduki yenyewe, ila limeandikwa mahali ambapo wamiliki wengi hawajawahi kupatazama. La pili hutegemea la kwanza, na hutegemea pia mambo waliyoifanyia bunduki kwa nia njema kabla ya kutuletea.

Kwanza usalama. Kama umeirithi na hujui kibali chake kikoje, usiibebe kwenda nayo popote. Sheria hutofautiana, lakini katika nchi nyingi bunduki inayotumia fataki za kawaida (ganda lenye baruti na marisaa, yaani vijirisasi) ni bunduki tu hata ikiwa na miaka 120. Piga simu polisi au kwa mamlaka ya leseni, uulize utaratibu. Kisha, ukiwa na ruhusa, ifungue mitutu ikitazama pasipo na mtu, uangalie chemba zote mbili, pale fataki inapokaa, kwa macho, halafu upitishe kidole. Marehemu aliyeiweka kabatini huenda aliiweka ikiwa na fataki ndani. Wenzo wa kufungulia bunduki ukigoma, usilazimishe wala usigonge kwa nyundo. Hiyo ni kazi ya fundi wa silaha mwenye leseni.

Ikishakuwa tupu, vua kipande cha mti cha mbele, kunjua bunduki, nyanyua mitutu uitenge na kitako. Sasa igeuze. Karibu na chemba, upande wa chini, kuna sehemu mbili bapa za chuma, moja kwa kila mtutu. Hapo ndipo bunduki inapojieleza.

Nikupe mfano wa ile iliyonifundisha kutosoma ubavuni kwanza. Ilikuwa na nyundo mbili za nje, nakshi ya maua na ndege, na ubavuni imeandikwa W. Richards kwa herufi nzuri. Mwenyewe alikuwa ameshasoma habari za Westley Richards, mtengenezaji mashuhuri wa Birmingham, na kichwani tayari alikuwa na bei. Tulipogeuza mitutu tukakuta duara la yai lenye herufi ELG na nyota. Huo ni muhuri wa kituo cha kupimia bunduki cha Liège, Ubelgiji. Mwishoni mwa karne ya 19 karakana za Liège zilitengeneza bunduki nyingi ajabu za kuuzwa nje, na mteja wa jumla aliweza kuagiza jina alitakalo liandikwe. Majina yaliyochaguliwa, kwa bahati ya kushangaza, yalifanana na ya wakubwa: W. Richards, J. Manton, Wm. Moore. Nyingine ziliandikwa maneno ya kusifu chuma kilichotengenezwa London, na chuma chenyewe hakijawahi kuuona mto Thames.

Mihuri hii haikuwa pambo. Katika kituo cha upimaji, bunduki hufyatuliwa ikiwa na baruti iliyozidi kiwango cha kawaida. Isipopasuka wala kuvimba, hupigwa mihuri. London kazi hii ilikuwa chini ya chama cha mafundi bunduki kilichopata hati ya kifalme mwaka 1637, na Birmingham ilipata kituo chake kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1813. Ukiona taji juu ya herufi GP zilizofumbatana, hiyo imepimwa London. Ukiona taji juu ya fimbo mbili za kifalme zilizopishana, zenye herufi B, P na C, hiyo ni Birmingham ya kabla ya 1904. Kwa Liège, ELG ndani ya yai bila taji ni ya kabla ya 1893. Yenye taji juu ya yai ni ya kuanzia mwaka huo. Kuanzia 1922 Wabelgiji waliongeza herufi ya mwaka, jambo ambalo limetupunguzia ubishi mwingi.

Wajerumani walipata sheria yao ya upimaji mwaka 1891. Bunduki zao za baada ya Vita Vikuu vya Kwanza mara nyingi zina mwezi na mwaka wa upimaji umepigwa waziwazi, kwa mfano 4.27, yaani Aprili 1927. Hapa kuna kosa lingine la kila siku: mtu anaona jina Krupp au pete tatu zilizoshikana, anasema hii ni bunduki ya Krupp. Krupp, kampuni ya chuma ya Ujerumani, waliuza chuma cha mitutu. Bunduki imetengenezwa na mtu mwingine, mara nyingi fundi wa Suhl, mji wa Ujerumani.

Marekani haikuwa na kituo cha serikali cha namna hii, kwa hiyo ukikosa mihuri kabisa na ukakuta tarehe za hataza (haki za uvumbuzi), fikiria upande huo. Kule namba ya mfululizo na daraja ndivyo husema. Parker wa Meriden, Connecticut, walitengeneza takriban bunduki 242,000 kuanzia miaka ya 1860 hadi walipokoma katika miaka ya 1940, na daraja waliliandika kwa herufi: VH ni ya chini, DH iko juu yake, na ikiongezwa E mwishoni maana yake bunduki inarusha maganda yenyewe baada ya kufyatuliwa. Herufi hiyo moja hubadilisha bei.

Tarakimu zilizo kando ya mihuri zina siri kubwa zaidi, na ningependa msomaji azielewe. Geji 12 maana yake ni kwamba risasi 12 za duara, kila moja ikiujaza mtutu, kwa pamoja zina uzito wa ratili moja. Kipenyo chake ni kama milimita 18.5. Geji 13 ni kama milimita 18.0. Waingereza wa zamani walipima ndani ya mtutu, kama sentimita 23 kutoka nyuma, wakapiga tarakimu waliyoikuta. Kwa hiyo bunduki ya fataki za geji 12 inaweza kuwa na 13 chini yake bila kosa lolote. Mtutu wake ulibana kidogo tu. Sasa chukua kipimo cha ndani cha mitutu upime leo. Ukipata 18.5 kwenye mtutu uliopigwa 13, nusu milimita imekwenda wapi? Imesuguliwa. Kuna mtu aliona vishimo vya kutu ndani, akavikwangua mpaka mtutu ukang'aa. Ukichungulia kwenye mwanga utasifu: safi kama kioo! Lakini ukuta wa chuma umepungua, upimaji wa awali hauna maana tena, na katika nchi zenye sheria hizo bunduki hiyo haiuzwi mpaka ipimwe upya. Ndiyo maana mimi huamini mtutu wenye vishimo vichache kuliko unaong'aa kupita umri wake. Mnunuzi makini hupima pia unene wa ukuta. Kwa geji 12, wataalamu wengi wakikuta chini ya nusu milimita mahali popote husita.

Umri unaweza kuukadiria hata bila mihuri. Kijishimo kidogo juu ya mdomo wa chemba ni cha fataki zenye pini iliyochomoza, mfumo ulioanzishwa na Casimir Lefaucheux wa Ufaransa katika miaka ya 1830. Nyundo za nje zilitawala kuanzia miaka ya 1860. Mwaka 1875 mafundi wawili waliokuwa wakifanya kazi Westley Richards, William Anson na John Deeley, walisajili mtambo wenye nyundo za ndani, sahili kiasi kwamba bado unaigwa leo. Hata hivyo tahadhari: bunduki za bei nafuu zenye nyundo za nje ziliendelea kutengenezwa hadi karne ya 20, kwa hiyo nyundo peke yake haithibitishi ukongwe. Anwani husaidia zaidi. Watengenezaji bunduki Purdey wa London walikuwa 314½ Oxford Street kabla ya kuhamia South Audley Street mwanzoni mwa miaka ya 1880; anwani iliyo juu ya mitutu inakupa mpaka wa miaka bila kufungua daftari.

Tazama pia ngozi ya mtutu yenyewe. Ikiwa na mawimbi au viduara kama mistari ya mbao, huo ni mtutu wa Dameski. Jina lisikupeleke Syria. Nyingi zilitengenezwa Birmingham na katika vijiji vya bonde la Vesdre karibu na Liège, kama Nessonvaux. Fundi alisokota vipande vya chuma laini na kigumu, akavizungusha kwenye fimbo na kuvichomelea kwa kufua, kiungo baada ya kiungo. Ni kazi ya kupendeza sana. Ni mtutu pia ulioundwa kwa ajili ya baruti nyeusi, na kutu huweza kuingia katikati ya maunganisho bila kuonekana nje. Usiifyatue kwa fataki za leo. Na mawimbi hayo yaliweza kuigizwa juu ya mtutu wa kawaida, kwa hiyo yachungulie hadi chini, mahali ambapo mwigaji alichoka.

Kuhusu fataki kuna mtego unaowakamata hata wawindaji wazoefu. Chemba nyingi za zamani ni za milimita 65, na fataki nyingi za leo ni za 70. Ukiitumbukiza inaingia vizuri kabisa, kwa sababu urefu wa 70 hupimwa ganda likiwa limefunguka baada ya kufyatuliwa. Mdomo wa ganda unapofunguka hukosa nafasi, unabana njia ya marisaa, na shinikizo linapanda. Bunduki iliyoingia fataki bila shida si lazima iwe imeikubali.

Tuje kwenye thamani. Miaka mia si thamani. Zilitengenezwa kwa mamia ya maelfu. Kinachotafutwa ni mtengenezaji na daraja lake, kisha uhalisia, kisha hali. Angalia kama namba ni moja kwenye mitutu, kwenye kiwiliwili (sehemu ya katikati yenye mtambo) na kwenye mti wa mbele. Zikitofautiana, huenda umeshika bunduki mbili zilizooana. Angalia mdomo wa mitutu: kiasili mitutu miwili huja kukutana mbele na kuzibwa katikati. Ukiona mwanya kati yao, imekatwa, na choki, yaani ule mbano wa mwisho unaokusanya marisaa, umeondoka na kipande kilichokatwa. Thamani imeporomoka, na katika nchi nyingi mtutu uliofupishwa kupita kiwango ni kosa la jinai.

Jaribu kutikisa. Funga bunduki bila mti wa mbele, ishike kiwiliwili uitikise taratibu. Ikicheza kwenye bawaba imechakaa. Halafu ning'iniza mitutu peke yake kwenye kidole kupitia ndoano yake ya chini, uigonge kwa ukucha. Ikilia kama kengele, maunganisho ni mazima. Ikitoa mlio mfu, kama wa chungu chenye ufa, kipande cha chuma kinachounganisha mitutu kimeachia mahali fulani, na maji yamekuwa yakiingia humo miaka yote.

Sasa lile linaloniuma. Vidonda vingi vya thamani ninavyoviona si vya wakati, ni vya wiki iliyopita. Mtu amepata bunduki ya babu, akaona imefifia, akaipiga msasa, akaipaka rangi nyeusi, akakifanya kitako king'ae kwa vanishi. Nakshi imelainika, herufi zimeliwa, vichwa vya skrubu vimechunwa na bisibisi isiyolingana na mfereji wake. Ile rangi ya kahawia iliyotulia, na ule uwingu wa buluu na kahawia kwenye kiwiliwili uliobaki kwenye pembe ambazo vidole havifiki, ndivyo mnunuzi alivyokuwa akivitafuta. Kitambaa kikavu na tone la mafuta mepesi vinatosha.

Bei nayo ina sura zaidi ya moja. Anayekatia bima ataandika kiasi cha kununulia nyingine inayofanana nayo. Mfanyabiashara atakupa pungufu kwa kuwa naye anataka faida. Mnada utakupa ilichofikia siku ile mbele ya watu wale. Ukitaka kulinganisha, tafuta bei zilizolipwa, si zilizoombwa. Na ulinganishe bunduki ya geji ile ile: za geji 20 au 28 kwa mtengenezaji yule yule kwa kawaida hupita za 12, kwa kuwa zilitengenezwa chache. Sanduku lake la asili la ngozi na barua au risiti ya kwanza vikiwepo, usivitenganishe nayo.

Yule mwenye W. Richards alikaa kimya kidogo, akauliza kama basi ni takataka. Hapana. Ilikuwa bunduki ya kazi, iliyotengenezwa vizuri kwa bei ya watu wa kawaida, na babu yake aliitumia mpaka mti ukachakaa pale shavu linapoegemea. Sokoni ingepata kidogo. Aliomba tumwandikie maelezo yake halisi, pamoja na neno Liège, akairudisha nyumbani kwa kibali chake.

Ukitaka maoni ya mtaalamu bila kuisafirisha bunduki, piga picha: bunduki nzima pande zote mbili, ubavu wenye jina, maandishi ya juu ya mitutu, mdomo wa mitutu kwa mbele, na upande wa chini wenye mihuri. Picha hiyo ya mwisho ndiyo watu huikosea. Usitumie mwanga wa simu moja kwa moja, utang'ariza kila kitu. Weka taa pembeni, karibu kulala sambamba na chuma, ili kila mchoro utupe kivuli. Muhuri uliofifia upake chaki ya ubao kwa kidole, ufute juu juu, na chaki itabaki kwenye mistari. Ukimaliza ifute yote, kwa sababu chaki huvuta unyevu.