Korhogo na tope linalotia nguo weusi

Januari 2024 Watanzania wengi walilisikia jina la Korhogo kwa mara ya kwanza, Taifa Stars ilipotoka sare ya 0-0 na DR Congo kwenye Uwanja wa Amadou Gon Coulibaly. Mimi kazi yangu ni rangi za asili za nguo, na mji huo wa kaskazini mwa Côte d'Ivoire naupenda kwa sababu ya tope lake.

Nenda Fakaha, kijiji kilicho nje ya mji. Mafundi wa Kisenufo, watu wa eneo hilo, huchora hondohondo, kinyonga, kobe, nyoka na mamba, wanyama ambao simulizi zao huwahesabu miongoni mwa viumbe wa kwanza duniani. Kitambaa chenyewe ni pamba nzito, iliyofumwa vipande vyembamba kisha vikashonwa ubavu kwa ubavu. Fundi huanza kuchora kwa maji ya majani yaliyochemshwa. Mstari hutoka hafifu, manjano ya kuelekea kijani, hata ukadhani hakuna kitu. Halafu hupitisha tope la kinamasi juu ya mstari uleule, nao hugeuka mweusi.

Mara ya kwanza nilipouona weusi ule ukitokea nilinyamaza kabisa, ingawa sababu yake naijua. Majani yana tanini, tope lina chuma. Vikikutana hushikana ndani ya uzi. Tope peke yake lingetoka kwa kufua. Tanini ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye magome ya mikoko ya pwani yetu, ambayo ilitumika kutengeneza ngozi.

Zamani nguo hizi zilikuwa za wawindaji na za Poro, chama cha mafunzo ya wanaume kinachofanana kiasi na jando, ila mafunzo yake huchukua miaka mingi. Ukionyeshwa msitu wa Poro, yanakofanyika mafunzo hayo, usiingie, na mvaa kinyago akipita usipige picha bila ruhusa. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona wageni wakilipuuza.

Masikio ya Mswahili yatafurahi pia. Kwa Kisenufo wakulima huitwa senambele, wahunzi fonobele, wachongaji kulebele: hiyo "-bele" ni "wa-" yetu, ila wao huiweka mwishoni.

Ukitaka kuona ufumaji, Waraniéné iko karibu zaidi na mji. Mtande, yaani nyuzi za urefu wa nguo, hunyooshwa mbali mbele ya mfumaji na kushikiliwa na jiwe, ambalo husogea taratibu kumwelekea kadiri nguo inavyoongezeka.

Ukinunua, hakikisha ni kazi ya mkono: geuza nguo uguse mishono ya vile vipande. Pamba iliyosokotwa kwa mkono ina uzi usiolingana, mnene hapa, mwembamba pale. Kisha ikunje palipochorwa. Rangi ya kopo hukaa juu ya uzi na kupasuka kwenye mkunjo. Ya tope haipasuki.