Dhana potofu kuhusu nidhamu ya wanafunzi katika chumba cha kompyuta

Shule nyingi za sekondari zina chumba cha kompyuta ambacho ufunguo wake unakaa na mtu mmoja, na asipokuwepo wanafunzi hawaingii. Ukiuliza sababu, jibu ni nidhamu: watacheza gemu, watachomoa nyaya, watafungua picha chafu. Nafundisha somo hili na najua hofu hiyo ina msingi. Lakini dawa nyingi tunazotumia zimesimama juu ya mambo yasiyo kweli, na anayeumia zaidi ni mtoto ambaye nyumbani hana kompyuta.

"Wakiachwa waziguse wataziharibu"

Mashine za shule zetu huuawa na umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu, na vumbi linaloziba feni mpaka kompyuta inachemka. Virusi vya flashi navyo vinasumbua sana, hasa vile vinavyoficha mafaili na kuacha njia za mkato tupu. Kufungia chumba nako kuna hasara yake. Kompyuta ikikaa muda mrefu bila umeme, betri ndogo iliyo ndani yake huisha na saa hurudi miaka nyuma. Siku ukiiwasha, tovuti zinakataa kufunguka kwa sababu tarehe haziendani, na lawama inakwenda kwa wanafunzi kwamba wamechezea mipangilio.

Mipangilio ina kinga rahisi. Usiruhusu wanafunzi waingie kwa akaunti ya msimamizi, ile yenye ruhusa ya kufanya lolote. Watengenezee akaunti ya kawaida, na nywila ya msimamizi ibaki kwa mwalimu.

"Anayefungua gemu ni mtukutu"

Simama mlangoni kipindi kinapoanza. Wanafunzi 45 wanavua viatu, wanatafuta pa kuviweka, wanasubiriana. Wa kwanza ameshakaa mbele ya kioo kinachowaka, wa mwisho bado anafungua kamba. Mwalimu anaita majina, kisha anahangaika na projekta. Katika kipindi cha dakika 40, dakika 10 zimekwenda hivyo, na kuna watoto waliokaa muda wote huo mbele ya mashine bila kuambiwa wafanye nini. Mtu mzima angekaa hapo naye angefungua kitu.

Mwanasaikolojia Mmarekani Jacob Kounin alichunguza madarasa mengi, na mwaka 1970 akachapisha alichokiona: walimu wa madarasa tulivu na walimu wa madarasa yenye vurugu hawakutofautiana sana katika namna ya kukemea kosa likishatokea. Tofauti ilikuwa katika yaliyotangulia. Wale wa kwanza walijua kinachoendelea kila kona ya darasa, na somo lao lilikwenda bila kukwama.

Kwa chumba cha kompyuta, hilo linaanzia ubaoni. Andika kazi kabla mlango haujafunguliwa: fungua programu ya kuandikia, chapa barua iliyo kwenye karatasi, hifadhi kwa jina lako. Majina utaita wakiwa wanachapa. Kila mwanafunzi apewe namba ya kompyuta ya muhula mzima, ili ugomvi wa kugombea mashine nzuri uishe na kibodi iliyong'olewa herufi iwe na mtu wa kuulizwa. Ukitaka kueleza jambo, usishindane na vioo. Waambie wazime monita kwa kitufe chake na wakugeukie. Kompyuta inaendelea kuwaka, kazi haipotei.

"Watatu kwenye kompyuta moja, hapo hakuna somo"

Mwaka 1999, jijini New Delhi, mtafiti wa elimu Mhindi, Sugata Mitra, aliweka kompyuta kwenye ukuta kando ya mtaa wa mabanda. Watoto ambao hawakuwa na mwalimu wa kuwaelekeza walikusanyika na kufundishana. Kwa hiyo wingi peke yake hauui somo. Tatizo ni kwamba kundi likiachwa hivihivi, mwenye mabavu anashika mausi na wengine wanakuwa watazamaji. Katika shule za mchanganyiko nimeona mara nyingi wanaosukumwa pembeni ni wasichana, na wakitulia tunadhani wana nidhamu nzuri, kumbe hawajagusa kibodi tangu muhula uanze. Hili linaniuma kuliko kelele zote.

Gawa majukumu: mmoja anashika mausi na kibodi, wa pili anasoma maelekezo, wa tatu anaandika hatua kwenye daftari. Kila baada ya dakika 10 wabadilishane, na saa ishikwe na mwalimu. Mwenye mausi asifanye lolote ambalo msomaji hajalitamka. Kutakuwa na kelele, na ni kelele za kazi.

"Tuweke tu programu ya kuzuia tovuti"

Iwekeni, inasaidia. Tangu 2020 kampuni ya mtandao ya Cloudflare inatoa bure huduma ya DNS (ile inayoielekeza kompyuta ilipo tovuti unayoitaka) ya 1.1.1.3, ambayo huzuia tovuti za ngono na zile zenye programu hasidi. Ipo pia Veyon, programu ya bure inayomwezesha mwalimu kuona vioo vyote na kuvifunga kwa pamoja. Ila kichujio hakioni mwanafunzi anayeandika matusi kwenye kazi ya mwenzake, wala hakiifikii simu iliyofichwa mfukoni.

Mpangilio wa meza unafanya kazi kubwa zaidi. Kompyuta zikipangwa kwa safu kama madawati, mwalimu aliye mbele anaona mapaji ya nyuso tu. Zipange kuzunguka kuta, wanafunzi waelekee ukutani, na ukisimama katikati kila kioo unakiona. Nyaya nazo zinabaki ukutani, mbali na miguu.

"Dawa yake ni fimbo, au afukuzwe chumbani muhula mzima"

Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko shuleni. Na hata pale inaporuhusiwa, kiboko hakimfundishi mtu kutumia kompyuta. Kufukuzwa muhula mzima ni kumnyima somo lenyewe: mtihani wa kompyuta wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari Kenya, una karatasi ya vitendo na mradi, na vyote vinahitaji mikono iliyozoea mashine. Kosa dogo lipewe adhabu fupi ya papo hapo: aachie mausi, amalizie kazi ya siku hiyo kwa kalamu, kipindi kijacho arudi kwenye namba yake. Aliyegundua nywila ya msimamizi aadhibiwe vivyo hivyo, kisha apewe kazi ya kusafisha feni na kukagua flashi za wenzake chini ya uangalizi. Mikono ya namna hiyo shule inaihitaji.

Aliyesambaza picha ya mwenzake ni suala jingine kabisa. Hilo usilimalize chumbani kwa kukemea. Mpeleke siku hiyohiyo kwa mkuu wa shule na mwalimu wa ushauri nasaha, wazazi waitwe, na aliyedhalilishwa asikilizwe kwanza, faraghani.