Yule mbwa kwenye picha ya mtoto ana kazi gani?

Watu wakija makumbusho kuangalia picha za zamani za Ulaya swali huwa lile lile, jamani huyu mbwa kafuata nini hapa, alijipitia tu? Hakujipitia. Chukua picha aliyoichonga Hendrick Goltzius, fundi wa picha za bamba la shaba wa Haarlem, Uholanzi, mwaka 1597. Kuna mtoto, Frederick de Vries, kashika njiwa, anataka kumpanda mbwa mkubwa wa manyoya, na mbwa ndo kajaza nafasi kuliko hata mwenye picha.

Sasa baba wa mtoto, mchoraji Dirck de Vries, alikuwa anaishi Venice na mtoto kabaki kwa Goltzius, na maandishi ya Kilatini pale chini yanasema picha ni zawadi kwa huyo baba, kwa ajili ya urafiki na ili amwone mwanae aliye mbali. Hapo ndo mbwa anaanza kuongea. Kwetu ukimwita mtu mbwa umetafuta ugomvi, ila kwao enzi zile mbwa ni uaminifu, na njiwa ni ule moyo wa kitoto usio na hila. Tena huyu mbwa hakutungwa kichwani, ni wa Goltzius mwenyewe, kwa hiyo mi naisoma kama barua: rafiki yangu, mwanao yuko kwenye mikono salama. Na utani umo, maana mabwana wakubwa waliwinda juu ya farasi na mwewe mkononi, dogo huyu farasi wake mbwa, mwewe wake njiwa!

Ila usikariri kwamba kila mbwa ni uaminifu. Mwaka 1514 Albrecht Dürer, fundi wa Ujerumani, alichonga picha ya Mtakatifu Jeromu yuko chumbani anaandika, mbele yake kalala simba, na huyo simba ni kama kitambulisho tu, kutokana na hadithi ya Jeromu kumtoa simba mwiba mguuni. Pembeni ya simba kuna mbwa kalala kwa raha zake. Mwaka huo huo, kwenye picha yake nyingine iitwayo Melencolia I, mbwa kakonda kajikunja na popo ndo kabeba jina la picha, uaminifu wa wapi hapo, ile ni huzuni tupu.

Na yote hayo ni mistari, rangi hakuna. Fundi anachimba bamba la shaba kwa kisu kidogo cha ncha kali, anajaza wino kwenye mifereji, anafuta juu, kisha karatasi inagandamizwa. Kwa Goltzius mstari unanenepa unakonda mpaka manyoya unataka kuyashika, ingawa mkono wake wa kulia uliungua motoni utotoni, vidole havikunyooka tena.